Baba, Bado Unaleta Nyama

Baba,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba haya yabaki kwako. Usimsomee babu. Usimwambie Mjomba Lutema hata akikubembeleza, maana alipokuwa hai hakuweza kukaa na siri kutoka chai hadi chakula cha mchana, na sidhani kama kufa kumembadilisha. Neno moja likitoka, litanifikia mimi. Naandika kwa penseli ili ikibidi nifute.

Bucha letu la Mkuyuni limefungwa tangu tulipokuzika. Pacha wangu Doto hakuitaka kazi yako. Amepata kibarua cha kukata minofu ya sangara kiwandani, minofu inapanda ndege na sisi tunaletewa mapanki, mifupa na vichwa. Mama bado anafagia mbele ya bucha kila asubuhi, ingawa mlango una kufuli.

Lakini mjini, Baba, wewe hujafa. Kila siku unaleta nyama.

Unaikumbuka ile hoteli ya baga karibu na ziwa, ya kampuni ya kigeni kutoka Kusini iliyokuja baada ya biashara kufunguliwa na kila kitu kuwa ruksa. Walijisifu kwamba wao si kama wengine: nyama ya siku hiyo, inasagwa asubuhi, haijawahi kuona barafu. Ndipo wakakutafuta. Ulikuwa unalibeba paja la ng'ombe begani kabla watu hawajaamka, wanalitundika nyuma ya kioo, na juu yake wakaweka kibao: NYAMA YA LEO, BUCHA LA MZEE MASANJA. Mimi ukaniombea kazi ya ukarani wa stoo. Siku moja ukaleta baga nyumbani ndani ya karatasi, ukaikata kwa kisu chako kama keki ya harusi, ukasema, "Wanamsaga ng'ombe mzima halafu wanamficha kwenye mkate kama mtu aliyemwiba." Mama akakataa kuonja. Akasema nyama isiyo na mfupa hajui atamuuliza nani ilikotoka. Tulicheka hadi ukakohoa.

Meneja mwanzoni alihangaika kweli, sitamsingizia. Mikate iliyotoka Nairobi ilifika imekauka. Saladi ya Ukerewe ilishuka kwenye meli imelala kama mgonjwa. Wakubwa wake waliandika kwamba ng'ombe wetu, waliotembea kwa miguu yao hadi mnadani, wana nyama ngumu, na kwamba baga ya Mwanza lazima iwe na ladha ileile ya miji yao mingine yote. Ulipokuwepo alikuwa anabishana nao. Ulipokufa akaacha.

Sasa nyama inakuja kwa ndege, kwenye maboksi, imeshakatwa mviringo, ngumu kama vigae. Mimi ndiye ninayeipokea mlango wa nyuma. Umeme ukikatika, na unakatika, inayeyuka. Maji yake yanatambaa hadi kwenye viatu vyangu, ya waridi, yanateleza. Umeme ukirudi inaganda tena, imeshikana, na mpishi anaibandua kwa bisibisi. Harufu wanaiua kwa siki na vitunguu. Nikifika nyumbani nanawa kwa limau, nanawa tena, na bado nikipeleka tonge mdomoni naisikia kwenye vidole.

Na kule mbele, Baba, kuna paja. Sijui wanalinunua wapi. Linakaa kwenye kioo mpaka linaanza kung'aa rangi ya kijani kama shingo ya njiwa. Kila asubuhi mpishi analipaka damu kwa brashi, damu ya machinjioni, anaitia kwenye jagi lilelile tulilokuwa tunakorogea juisi ya pasheni. Nzi wanakuja, anawafukuza kwa gazeti, anapaka tena. Watu wanasimama nje wanaonyeshana: tazama damu, hiyo ni ya leo. Halafu wanasoma jina lako na kuingia.

Nilimwambia Meneja kwamba mwenye jina amefariki. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba jina halihitaji friji. Akacheka. Nikacheka naye, kwa sababu ada ya shule ya wadogo zangu inatoka pale. Kicheko changu kile kinanitia kinyaa kuliko jagi.

Sasa sikia la Jumapili.

Mama hakujua kuwa kibao bado kipo. Mwanamke mmoja wa jumuiya alimwambia baada ya misa kuwa mumewe anatajwa mjini kwa herufi kubwa. Akaja, Baba. Alivaa kanga ile ya matanga, viatu vya harusi ya Doto, na huyo rafiki yake nyuma. Nilimwona kupitia dirisha la stoo. Alisimama mbele ya kioo akalifuata jina lako kwa kidole, herufi moja moja, bila kuligusa. Kisha akaingia, akakaa, akaagiza baga. Mama, aliyekataa kuonja ulipomletea mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Leo nitakula ya mume wangu."

Nilisimama na boksi mkononi. Meneja alikuwa kaunta. Nilijua nikitoka nimepoteza kazi, na nikibaki mama anakula kile kitu. Baga ilifika. Aliishika kwa mikono miwili, akafumba macho kama anayeomba.

Nikaenda. Nikainama kana kwamba nafuta meza.

"Mama, usile."

"Kwani si ya baba yako?"

"Baba amekufa, Mama."

Akanitazama. Akaifungua ile mikate, akanusa, akaifunga tena kwenye karatasi taratibu kama mtu anayefunika uso wa maiti. Akainuka, akaenda kwenye paja, akanusa na lile. Wewe ulioa mwana wa wafugaji, hakuna wa kumdanganya kwa kibudu. Hakupaza sauti.

"Jina la mume wangu lishuke."

Meneja akaniuliza mama anasema nini. Nikatafsiri. Sikuongeza neno na sikupunguza. Akatabasamu, akaagiza mama apewe soda ya bure. Mama akasema soda atakunywa kwake, akavuta kiti, akavua viatu, akaanza kupanda. Kiti kilikuwa kinayumba. Niliona ataanguka mbele ya watu wote wale waliokuwa wameacha kutafuna. Basi nikapanda mimi badala yake. Kibao kilikuwa kimefungwa kwa waya, waya una mafuta na damu, ukanichana kidole. Kilipotoka, mama akavua kanga ya juu akakifunga, akakibeba kifuani hadi barabarani, hapo akanikabidhi.

Meneja alisema nimeiba mali ya kampuni. Jana dereva wao alifika Mkuyuni akiwa na askari, wakamuuliza mama nilipo. Mama akawajibu kwamba wamuulize mwenye jina. Wakubwa wa Kusini sijui kama wataambiwa. Kile kioo, nasikia, bado kina paja na bado kina wateja.

Lala, Baba. Nakuahidi jina lako halitatundikwa tena juu ya nyama ambayo mimi mwenyewe sijaila, hata kama nitazeeka bila kulitundika popote.

Ukitaka kunifikia, usipite hotelini, na usimtokee Mama ndotoni, atalia na majirani watauliza. Njoo Buswelu kwa dada yako. Zunguka nyuma, kwenye mlango wa bati, mbwa anakujua. Nalala kitanda cha dirishani, na kibao kiko chini yake ndani ya kanga. Usigonge, siku hizi nikisikia hodi najificha. Ita tu, Kulwa, kama ulivyokuwa unaita ukiwa na kisu mkononi unataka maji ya kunawa. Nitaitika.