Shahidi wa Nakato

Doha, Ijumaa, Agosti 2014

Leo ni ofu yangu, na joto la nje halimtaki mtu. Nimejilaza chumbani kwetu hapa mtaa wa Muaither tangu asubuhi. Siumwi, ila sina raha hata kidogo.

Mimi ni mlinzi wa sinema. Filamu ikikaribia kuisha naingia ukumbini, nisimame karibu na milango ya kutokea. Ndiyo maana kuna filamu moja ya mahakama ya kijeshi ambayo hukumu yake nimeiona kila zamu, lakini kesi yenyewe sijawahi kuiona. Askari amesimama wima, anasema alitii amri ya mkubwa wake. Jaji anamwambia hata mwenye kutii ana dhamiri. Anafungwa, taa zinawaka, nami nafungua milango.

Mwanzoni nilimcheka. Mwanamume mzima, si angekataa tu?

Wiki jana supavaiza alimtoa Nakato langoni akasaidie kubeba viti. Nakato ni Mganda, mlinzi mwenzangu, tunalala chumba kimoja. Nilikuwepo, nilisikia akiamriwa. Wakati huohuo mtoto wa mteja akapita pale langoni akapotea. Alipatikana baada ya saa nzima, mzima wa afya, lakini baba yake alikuwa amekwisha kushtaki. Supavaiza akaniletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwamba nilimwona Nakato akiacha lango bila ruhusa.

"Weka sahihi hapo, Mwende, tusisumbuane."

Niliweka.

Sina cha kusingizia. Mkataba wangu unakaribia kuisha, na anayependekeza nani abaki ni yeye. Niliogopa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema ukishampisha atamkanyaga nani.

Kesho saa nne tunaitwa ofisini, na Nakato akipatikana na kosa atarudishwa kwao. Habari za ile karatasi hana. Asubuhi alipiga pasi yunifomu yake, kisha akachukua na yangu bila kuombwa.

"Mimi siogopi, dada," akaniambia. "Nimewaambia shahidi wangu ni wewe."

Nikamjibu sawa. Sawa! Mdomo wangu huu.

Sasa ameenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Nimesema kichwa kinaniuma, naye ameahidi kuniombea. Akirudi nitamwambia, au nitanyamaza tena, sijijui. Nikisema ukweli kesho, sahihi yangu itanikana. Nisiposema, anaondoka.

Kinachonitisha zaidi si supavaiza. Wakimsomea ile karatasi, Nakato atageuka kunitazama, akingoja niwaambie kwamba ni uongo.