Pikapu ya Nyuma Ndefu

Espoir mjukuu wangu, hapa kambini Dzaleka tuko, dada yako alizaa mutoto muke. Unauliza utununulie pikapu gani ya umeme ya kupeleka bagonjwa hospitali Lilongwe: ile ya mbio, ao ile ya nyuma ndefu.

Kule Fizi, wakati nilikuwa kijana, mama aligonjwa. Kulikuwa pikapu mbili za kumupeleka hospitali Uvira. Mi mwenyewe nilichagua ile mupya, ya mbio. Nyuma ilikuwa fupi, mama akalala amekunja magoti.

"Mwana yangu, miguu tunaiacha Fizi?" mama akaniuliza.

Bantu bote bakacheka, hata mi. Tulifika Uvira haraka, lakini mama alikuwa amekwisha kututoka, angali amekunja magoti.

Nunua ile ndefu. Mbele ya kulipa, panda nyuma, ulale, unyooshe miguu. Mi mpaka leo nikilala, yangu siwezi kuinyoosha.

Babu yako