Kisutu Chako Kimerudi, Bibi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa amelala kifuani, kwa hivyo mwandiko usiuangalie sana. Ni msichana. Nimempa jina lako. Meno mawili ya chini yameshatoka, hanipi usingizi.

Nina jambo la kukueleza, na najua hutalipenda lote.

Sanduku lako liliuzwa. Shangazi Mwanakombo, binti yako wa kumzaa mwenyewe, alilitoa chini ya kitanda chako kabla arobaini ya msiba wako haijaisha. Mimi nilikuwa ndani na arobaini yangu ya uzazi, sitoki nje, nikasikia tu likiburutwa sakafuni. Niliita. Akanijibu kutoka uani, "Lala, mzazi. Matambara haya yanaliwa na mende tu."

Ndani yake mlikuwa na leso zako kumi na mbili za zamani, ulizozikusanya tangu usichana wako, moja moja, kwa wanawake wa Msambweni mpaka Kikoneni. Na kile kisutu, leso yako ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kila mtoto wa ukoo huu ulimpokea kwa kisutu kile, na kila bibi harusi ulimtandikia akikalie akipambwa. Mwanangu alipokewa kwa taulo, maana wewe hukuwapo kulifungua sanduku.

Sikulia, Bibi. Nilihesabu siku.

Arobaini ilipotimia nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Diani, kwenye duka la vitu vya kale alikolipeleka sanduku. Nikakikuta kisutu ukutani, kimechujuka. Mama mwenye duka alikuwa amekifua kwa sabuni ya unga akakianika juani, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Niliumia kama nimekuona wewe umeanikwa pale. Nikamwambia nguo hii huoshwa kwa maji ya chumvi na hukaushwa ndani. Akanionyesha leso yenye tundu, nikaishona papo hapo vile ulivyonifundisha: uzi unachomolewa kwenye pindo la nguo yenyewe, si uzi wa dukani. Alilitafuta lile tundu kwa kidole asilione. Tukapatana nimshonee leso zake kumi zilizotoboka, nichukue kisutu. Ilinichukua miezi minne, mtoto akinyonya huku, macho yakiniwasha.

Sasa sikia. Nimwaka, binti wa Shangazi, alipata mchumba. Shangazi akaja kwangu, ananiita "mwanangu." Hajaniita hivyo tangu uzikwe. Akanywa chai, akasema amesikia kisutu kiko kwangu, na bibi harusi hawezi kukalia mkeka mtupu, watu watasema.

Nikamwambia, "Nimwaka nitamtandikia mimi mwenyewe. Ni dada yangu, hana kosa. Lakini kwanza wewe usimame mbele ya wanawake wote, useme kisutu kilikuwa wapi na nani alikipeleka."

"Wewe mtoto una roho mbaya."

Nikamwambia ndiyo. Chai nikamwongeza.

Siku ya kupamba, ua ulijaa. Nilikaa na kisutu kimekunjwa mapajani, wapambaji wanasubiri, hina inakauka bakulini. Nusu saa nzima, Bibi. Nimwaka akaanza kumtazama mamake. Basi Shangazi akasimama, akasema kwa kisauti kidogo, "Nilikiuza mimi."

Nikamwambia, "Rudia, Shangazi. Walio mlangoni hawakusikia."

Akarudia. Mmoja wa wale rafiki zako wazee alivuta mkeka wake, akakaa mbali naye. Ndipo nikasimama nikatandika, nikamshika Nimwaka mkono nikamkalisha. Alipendeza. Alikuwa analia, nikamfuta machozi.

Najua ungeniambia nikamwombe mama yake radhi. Sijamwomba. Nimeitafuta moyoni mwangu huruma ya kumwonea, sikuiona. Nilirudi nyumbani nikala chakula nikakimaliza, mara ya kwanza tangu uondoke.

Hata wewe ukinikasirikia, sawa. Nitavumilia. Ningependa hata unigombeze.

Mtoto ameamka, lazima nikuache. Mola akupe nafasi huko, na kivuli. Leso zako kumi na mbili bado ziko Diani, na mama mwenye duka bado ana nguo za kunipa nishone, nizikomboe. Nakuahidi nitazirudisha zote. Na kila moja nitakayoipata nitajifunga, nipite nayo polepole mbele ya mlango wa Shangazi, nimwamkie kwa adabu, nisubiri mpaka aitikie, ndipo niipeleke nyumbani.

Mjukuu wako,
Mwanaidi