Mashine ya Koboko Isichomekwe

Jumatano, Arua

Asubuhi nilimfokea Mama Zaituni, anayetunza ofisi yetu ya Koboko, kwa kuwa kila radi ikinguruma anachomoa mashine inayohifadhi nakala ya mafaili ya wagonjwa. "Ichomeke sasa hivi!"

Mchana, mimi mwenyewe hapa Arua nikafuta folda nzima ya mafaili hayo kwa bahati mbaya. Mashine ya Koboko huiga kila kitu tunachofanya hapa, hata kufuta. Ikipata umeme tu, tumekwisha.

Nikampigia Mama Zaituni; simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akapokea.

"Mutoto yangu, usikasirike. Radi iko bado, mimi naogopa kuchomeka. Unisamehe."

Nikamwambia asiiguse mpaka nifike kesho. Sikumwambia kwa nini.

Akaomba tena msamaha. Na mimi, bila haya, nikamsamehe.