Pete ya Mwanga Kwenye Kila Picha

Alhamisi, 9 Oktoba
Picha mia mbili na kumi leo! Macho yanawasha. Kazi yangu ndiyo hiyo: setilaiti inapiga picha nyota, mimi natia alama nyekundu kwenye picha mbovu ili wasomi wasidanganyike. Na ile pete ya mwanga – tena! Jana darubini ya setilaiti ilielekea kusini, leo kaskazini, pete iko kona ileile ya kushoto. Galaksi? Ng'o! Ni mng'ao wa kioo chetu wenyewe. Nimezitia alama zote.

Ijumaa, 10 Oktoba
Balaa. Profesa Hadzhikostov, mkuu wetu, ameshawatangazia waandishi wa habari kwamba kagundua galaksi. Nikamwambia pete imo kwenye kila picha. Akasema basi ni galaksi kubwa sana. Nikamwonyesha picha za Machi, kabla kioo hakijasogea – haimo. Akawaza. "Hizo ndizo mbovu. Zitie alama hizo."
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Fomu ya ubora, ile inayothibitisha kwamba picha ni safi, inataka saini yangu, si yake. Nikisaini, watu watapoteza miaka wakichunguza kasoro yetu. Nisiposaini, mkataba wangu unaisha tarehe 31 na ndiyo basi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekataa. Profesa katabasamu tu, akaulizia hali ya mama. Sijapenda. Emil wa meza ya jirani ananicheka: "Saini tu, Petkana! Nani atapanda huko juu kuhakikisha?"

Jumanne, 14 Oktoba
Leo Mtakatifu Petka, sikukuu ya jina langu. Mlango wa nyumbani wazi: mgeni haalikwi, wala hafukuzwi. Mama kaoka banitsa mbili, zile pai za jibini. Saa nane mchana anaingia nani? Profesa! Maua mkononi, meya nyuma yake, na mpiga picha. Akagonga bilauri: galaksi itaitwa Petkana!
Majirani wakapiga makofi. Mama akalia. Miaka sita anawaambia binti yake anatazama nyota, nao wanamwitikia tu kwa adabu. Fomu ikawekwa kando ya banitsa, na kalamu juu yake.
Nimekimbilia bafuni na daftari hili. Nimejifungia. Mama anagonga.
"Toka, mwanangu. Meya amesimama."
"Mama, ile si galaksi. Ni mng'ao wa kioo."
Halafu, kwa sauti ndogo kabisa: "Basi niwaambieje watu?"
Naiona miguu yake chini ya mlango. Haondoki –