Sato wa Ushindi

Mdogo wangu Anatoli,

Nakusalimu wewe na shemeji. Timu ya kiwanda hapa Nyakato imefungwa na wageni wa Dar es Salaam bao moja, dakika ya mwisho. Mlinda mlango wetu alikuwa mwanao Deo. Mashabiki waliketi kama wafiwa; sato waliokaangwa kwa ajili ya ushindi hawakuguswa. Ndipo Mama Kulwa, mpishi wa kiwanda, alipompa Deo sahani ya kwanza: "Kula, baba. Walikuja na kiburi, wameondoka na jasho." Sote tukala. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Niliyameza pamoja na samaki.

Deo anaogopa uso wako. Nimempandisha meli ya Bukoba leo. Mpe chakula kwanza.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Petro