Mama Amehama Malaba

Jumanne, 11 Machi 2025

Leo asubuhi nimempoteza mama. Hajafa. Amechukuliwa.

Nilikuwa hotelini nikiwapakulia madereva wa malori chai na maharagwe. Foleni ya mpakani ndefu, sikuinua kichwa mpaka saa tano. Nikampelekea uji — chumba kitupu. Blanketi hakuna. Fimbo hakuna. Asio, anayenisaidia jikoni, anasema aliona gari la Okurut. Ndugu yangu! Anakaa Busia hapo tu, na kwa miaka tisa amekuja kumwona mama mara mbili. Mara ya pili alikuwa anatafuta choo.

"Nilidhani mmekubaliana na ndugu yako, mama," Asio anasema. "Alitoka amevaa viatu vya kanisa."

Simu ya Okurut inaita, hashiki.

Jumatano, 12 Machi

Sababu naijua. Ni lile baraza la wiki jana. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja kutueleza mswada wa kutunza wazee. Kwamba ukipita, mtoto anayemtelekeza mzazi anaweza kushtakiwa, hata kufungwa. Mama hasikii Kiswahili vizuri, nikamtafsiria kwa Kiteso. Hiyo ya jela niliitafsiri mara mbili. Ilinipendeza.

Bila shaka Okurut ameambiwa, ameogopa. Anadhani mzee akilala kwako umetii, na wengine wote ni wahalifu. Hata hapa watu wanaongea hivyo hivyo. Jirani ameshamleta babake kutoka Kolanya, amemlaza stoo pamoja na magunia ya mahindi.

Mume wangu Omuse anasema niache, mzazi hazeekei kwa mkwe. Nimemkumbusha kwamba mlango wa mama niliuelekeza barabarani makusudi, yeye na mkwewe wasikutane, kama mila inavyotaka. Na kwamba kiwanja kilinunuliwa na chapati zangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemfuata yule afisa ofisini. Nilitaka aniandikie kitu cha kumrudisha mama. Hana.

"Dada, sheria hiyo bado ni mswada. Haijapita. Leo hakuna wa kufungwa."

Kumbe wote tumekuwa tukikimbia kivuli. Na ukipita je? Anasema hautauliza mzee amelala kwa nani. Utatazama kama anatunzwa. Tena kumhamisha mzee bila ridhaa yake, hilo ndilo litakuwa kosa.

Bila ridhaa yake. Nimelirudia neno hilo njia nzima. Sasa Okurut nimempata.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoka Busia. Sijui niandike nini kwanza.

Okurut alifungua lango mwenyewe, amevaa singleti. Sikusalimia. Nikamwambia, umemhamisha mama bila ridhaa yake. Akacheka, wala si kwa ubaya.

"Alaso dada yangu, mimi? Yeye ndiye alinipigia. Aliazima simu ya dereva wa lori."

Uongo, nikasema. Nikaingia ndani. Mama yuko sebuleni, kiti kimemmeza, anatazama televisheni asiyoielewa. Nikamuuliza sababu kwa Kiteso. Akajibu kama naulizia bei ya chumvi:

"Wewe hawatakufunga. Malaba yote inajua unanilisha. Okurut ana shahidi gani?"

Nilikaa chini. Kwenye zulia. Miaka tisa namwogesha, namkata kucha, na hii ndiyo faida yake — nimemtunza vizuri mpaka naweza kuachwa.

Safari hii nikamtafsiria yote. Mswada haujapita. Jela hakuna. Hata ukipita, mzee anakaa anapotaka mwenyewe. Okurut alishusha pumzi, mabega yakalegea. Nilimwona. Mama pia alimwona.

Basi mama, nikasema, twende nyumbani.

Akaniuliza kama nimekula.

Okurut anasema abaki tu, chumba kipo. Mkewe akaongeza sauti ya televisheni. Mama alikuwa anamtazama Okurut — kichwani, mahali nywele zimeanza kumtoka — vile mtu anavyomtazama mgeni aliyengojwa sana.

Nimemwambia mbele yao wote. Kesho saa sita mchana niko kwenye lango hili na gari la kukodi. Sitaki "tutaona". Sitaki "Mungu anajua". Hakuna wa kuokolewa tena, mama, kwa hiyo nataka jibu lako tu. Unataka kukaa wapi, kwangu au kwake?

Jibu lake nitalisikia kesho, saa sita.